Hewa ya Kisimani na Hewa ya Vitani

Ukitafuta picha ya barakoa ya gesi, utakayoletewa kwanza ni ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Amesimama handakini, uso umefichwa ndani ya kitambaa au mpira, macho ni vioo viwili vya duara, na bomba limeteremka kutoka mdomoni hadi kwenye mkoba wa kifuani. Picha ni ya kweli, lakini imefunika historia ndefu iliyotangulia, na imetuzoesha kuamini kwamba dawa ya hewa mbaya ni kitu cha kuvaa usoni. Kabla ya askari huyo walikuwapo wachimba visima na wachimba madini, na wao walikuwa wakipambana na hewa mbaya zaidi ya miaka 1,800 kabla gesi haijapelekwa vitani. Ukiyaweka mapokeo haya mawili pamoja, ya kisimani na ya vitani, utaona kwamba kila moja linajibu swali lake. Nami niseme mapema ninakoegemea: kwa hewa inayoua watu katika nchi zetu, mapokeo ya kisimani ndiyo yenye akili zaidi, ingawa ya vitani ndiyo yanayouzwa madukani.

Vitani adui humwaga sumu katika hewa ambayo bado ina oksijeni ya kutosha. Kazi ya barakoa ni kuchuja: sumu ibaki kwenye kichujio, hewa ipite. Kisimani mambo ni mengine. Gesi nzito imejaa chini na kuisukuma hewa yenyewe nje. Hapo hakuna cha kuchuja. Hewa tunayoivuta kila siku ina oksijeni kama asilimia 21, na shimo lenye asilimia 8 humwangusha aliyevaa barakoa ya bei kubwa sawasawa na aliyeingia uso mtupu. Jambo hili dogo limeua watu wengi, na wengi wao walikuwa waokoaji.

Warumi walilijua, ingawa neno oksijeni halikuwapo. Vitruvius, mhandisi na msanifu majengo wa karne ya 1 kabla ya Kristo, katika kitabu cha 8 cha kazi yake juu ya usanifu, anaagiza kwamba kabla mtu hajashuka kisimani iteremshwe taa inayowaka. Ikiendelea kuwaka, ashuke. Ikizimika, vichimbwe vishimo vya pembeni, kulia na kushoto, ili mvuke upate njia ya kutokea. Plinio Mzee, aliyeandika karibu karne moja baadaye, anarudia agizo hilo na kuongeza lingine: pale ambapo hewa imekuwa nzito kwa sababu ya kina tu, mafundi huisafisha kwa kupepea vitambaa vya kitani bila kupumzika. Hakuna barakoa mahali popote katika maagizo hayo. Kuna kipimo, kuna tundu la kutolea gesi, na kuna upepo wa kutengenezwa kwa mikono.

Si kwamba Plinio hakuijua barakoa. Katika kitabu chake cha 33 anasimulia juu ya wafanyakazi waliosaga madini mekundu ya zebaki, waliofunika nyuso zao kwa ngozi nyembamba ya kibofu cha mnyama ili wasivute vumbi lile la kuua huku wakiweza kuona mbele. Kwa hiyo mtu mmoja aliziandika njia zote mbili, na kila moja akaiweka mahali pake: vumbi lizuiwe usoni, gesi ya kisimani itolewe kisimani. Plinio mwenyewe alifia ufukweni Stabiae mwaka 79, Vesuvius ilipolipuka. Wenzake walikuwa wamejifunga mito kichwani kujikinga na mawe yaliyokuwa yakinyesha. Mpwa wake, aliyeiandika habari hiyo, anasema moshi mzito ulimziba pumzi. Wapo wasomi wanaoona kwamba ulikuwa moyo, au pumu ya zamani. Vyovyote iwavyo, aliyeandika mengi kuliko wote wa zama zake juu ya hewa mbaya hakuwa na kitu cha kumsaidia ila shuka aliyolalia.

Kile kipimo cha taa kina uzuri ambao wengi hawaujui. Mshumaa huzimika oksijeni inaposhuka hadi kama asilimia 16, na katika kiwango hicho binadamu bado ana nguvu za kupanda kamba. Taa inakufa kabla yako, na nafasi kati ya kifo chake na chako ndiyo muda wako wa kurudi juu. Hata kwetu wapo mafundi visima wanaoteremsha koroboi au mshumaa kwanza, bila kuwahi kumsikia Vitruvius. Ila taa ina upofu wake. Kabonimonoksidi na haidrojeni salfaidi huua kwa viwango vidogo sana ambavyo moto hauvitambui, na penye methani taa inaweza kuwa ndiyo kiberiti. Waingereza, kwa ushauri wa mwanafiziolojia John Scott Haldane, walilijaza pengo la kabonimonoksidi kwa kuingia migodini na ndege wadogo, kanari, waliolewa gesi kabla ya mtu. Ndege hao waliendelea kuajiriwa mpaka mwaka 1986.

Baghdad iliongeza kitu ambacho Roma haikuwa nacho. Karibu mwaka 850, ndugu watatu wajulikanao kama Banu Musa, yaani wana wa Musa, walitunga kitabu cha vyombo vya werevu, kama mia moja. Vingi ni vya kuchezea: mitungi inayobadili kinywaji, chemchemi zinazogeuza umbo la maji, vitu vya kuwashangaza wageni wa khalifa. Katikati ya michezo hiyo kuna chombo cha kazi: kifuniko cha pua na mdomo, kilichounganishwa kwa bomba na mvukuto ulioko juu ya ardhi, ili mtu aweze kushuka katika kisima chenye hewa mbaya na kukaa humo akifanya kazi yake. Juu anasimama mwenzake, anapuliza. Huyu wa chini havuti hata kidogo hewa ya kisima. Anavuta hewa ya uwanjani, pale penye jua na watu.

Chombo hicho hakina kemia yoyote. Hakijali kama gesi ya chini ni hewa ya ukaa, au methani, au kitu ambacho hakijapewa jina. Hakiishiwi nguvu baada ya saa mbili. Kinachohitajika ni bomba lisilotoboka na rafiki asiyesinzia. Leo wazimamoto na mafundi wa matangi hutumia vifaa viwili vya ukoo huo huo, bomba la hewa kutoka nje au mtungi wa hewa mgongoni, na sheria za kazi katika nchi nyingi hazimruhusu mtu kuingia kwenye shimo lisilo na oksijeni akiwa na kichujio peke yake. Baada ya karne kumi na moja na zaidi, fundi wa tangi anarudishwa kwenye wazo la Banu Musa.

Uchina ilikwenda hatua nyingine tena. Song Yingxing, mwandishi wa zama za Ming aliyechapisha mwaka 1637 kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono, anaeleza namna wachimba makaa ya mawe walivyofanya walipofikia mwamba wenye gesi. Walichukua mianzi mikubwa, wakatoboa vifundo vyote vya ndani, wakachonga ncha, wakaichomeka ndani ya makaa. Gesi ikapanda ndani ya mianzi na kutoka juu, na watu wakashuka baadaye kuchimba. Huyo huyo Song anaeleza juu ya wachomaji wa arseniki: walisimama mbali, upande upepo unakotoka, kwa sababu upande wa pili hata majani yalikufa, na mtu alifanya kazi hiyo miaka miwili tu kisha akaiacha, la sivyo nywele na ndevu zilimdondoka. Mwanzi wa kutoa gesi, kusimama upande salama wa upepo, na kikomo cha muda: hizo ni kinga tatu, na usoni hakuna hata kitambaa.

Afrika ina mwanzi wake. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos huko Kameruni lilitapika hewa ya ukaa iliyokuwa imeyeyuka katika maji yake ya chini. Wingu lilitambaa mabondeni na kuua watu kama 1,700 pamoja na mifugo yao, wengi wakiwa wamelala. Kuwagawia wanavijiji barakoa kusingesaidia. Mwaka 2001 wahandisi walishusha bomba lenye urefu wa zaidi ya mita 200 hadi kwenye maji ya chini. Maji yakipanda, gesi iliyomo hupanuka na kuyasukuma yenyewe, hivyo yakirushwa mara ya kwanza kwa pampu huendelea kuruka bila injini, na gesi hutawanyika hewani kidogo kidogo. Wachimba makaa wa Song Yingxing wangelitambua bomba hilo mara moja.

Ziwa Kivu ni jambo kubwa kuliko Nyos mara nyingi, na linatuhusu kwa karibu zaidi, kwa kuwa kando yake wamo mamilioni ya watu, wengi wao wazungumzaji wa Kiswahili. Limebeba kama kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani. Upande wa Rwanda, huko Karongi, mtambo uliozinduliwa mwaka 2016 huvuta maji ya chini, hutenga methani na kuichoma kuzalisha megawati 26 za umeme. Lakini si ziwa linaloua watu wa Goma, upande wa Kongo, mwaka hadi mwaka. Ni mazuku.

Mazuku ni mahali, wala si dhoruba. Kwenye miamba ya lava, magharibi mwa Goma kuelekea Sake na kando ya ziwa, hewa ya ukaa hupenya kutoka ardhini na kukusanyika katika vibonde. Ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo hukaa chini kama maji kwenye sufuria. Usiku, upepo ukitulia, kibonde hujaa. Asubuhi jua likipiga na upepo ukivuma, hupungua. Hakuna rangi, na harufu ni ya kubahatisha. Wenyeji hutambua kibonde kwa mizoga: panya, nyoka, ndege, mara nyingine mbuzi. Mtu mzima anaweza kuvuka akiwa amesimama na asihisi kitu zaidi ya pumzi kwenda mbio. Akiinama kuokota kuni, au mtoto wake anayetembea kando yake akiwa na kimo cha mita moja tu, habari ni nyingine. Hapo uhai unategemea kimo.

Italia ina pango lililoonyesha jambo hilohilo kwa ukatili wa kibiashara. Karibu na Napoli, kando ya lililokuwa Ziwa Agnano, kuna Grotta del Cane, pango la mbwa. Tabaka la hewa ya ukaa hukaa sakafuni humo. Kwa karne nyingi watalii walilipa ili waone mbwa akiingizwa: mtu amesimama wima bila dhara, mbwa anazimia miguuni pake, kisha anatolewa nje ili azinduke, na siku ya pili anarudishwa kazini. Kwa wageni wale gesi ilikuwa tamasha. Kwa mama wa Goma ni hesabu ya njia ipi apite alfajiri akiwa na watoto. Maarifa ni yale yale. Ila huku hakuna aliyelipa kiingilio.

Sasa mlinganishe mama huyo na Garrett Morgan. Morgan alizaliwa Kentucky mwaka 1877, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, akahamia Cleveland, akajifunza kutengeneza cherehani. Mwaka 1914 alipata hataza ya kofia ya usalama kwa ajili ya wazimamoto: mfuko unaofunika kichwa chote, wenye bomba refu linaloning'inia nyuma mpaka karibu na sakafu, na sponji yenye maji kwenye ncha yake. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyeutazama moto vizuri. Moshi wa moto ni wa joto, hupanda. Hewa nzuri hubaki chini. Basi mvutie mtu hewa ya sakafuni. Mwaka 1916 mlipuko wa gesi ulipowafukia wafanyakazi katika handaki la maji chini ya Ziwa Erie, na waokoaji wa kwanza wakafia humo, Morgan na kaka yake Frank waliitwa usiku, wakavaa kofia zao, wakaingia, wakawatoa watu, baadhi wakiwa hai. Kabla ya hapo, ili aweze kuuza kofia hizo kwa wazungu wa Kusini, alikuwa amemkodi mzungu ajifanye mvumbuzi, yeye mwenyewe akijigeuza chifu wa Wahindi Wekundu anayeingia kwenye hema lililojaa moshi. Ninampenda Morgan kuliko wavumbuzi wote wa simulizi hii, na inaniuma kusema lifuatalo: kofia yake ingemuua mtu katika mazuku. Bomba linaloshuka sakafuni, ambalo katika nyumba inayoungua ndilo uhai, katika kibonde cha Goma lingemnywesha kitu chenyewe anachokikimbia. Banu Musa walipeleka mdomo wa bomba juu, Morgan akaupeleka chini, na wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja mahali pake. Chombo cha kupumulia hakina wema wake chenyewe. Wema unatokana na kujua gesi imekaa wapi.

Tarehe 22 Aprili 1915, jioni, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, Wajerumani walifungua mitungi 5,730 ya klorini, tani kama 168. Wingu la kijani kibichi chenye manjano lilisukumwa na upepo kuelekea mistari iliyoshikwa na wanajeshi wa Ufaransa, wakiwamo wa kutoka Algeria. Waafrika, basi, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupigwa na silaha hiyo. Klorini ni nzito mara mbili na nusu kuliko hewa, ikateremka mahandakini na kuyajaza. Kwa saa chache handaki likawa kisima. Waliolala chini kwa hofu waliumia zaidi; waliopanda juu ya ukingo, kinyume na mafunzo yote ya askari, walivuta kidogo zaidi hewa safi.

Yaliyofuata yalikwenda kasi ajabu. Kwanza vitambaa vilivyolowekwa maji au mkojo. Kisha pamba iliyolowekwa katika sodiamu thiosalfeti, magadi na gliserini, ikafungwa usoni kwa kitambaa cheusi. Cluny MacPherson, daktari wa kikosi cha Newfoundland, akashona mfuko wa flaneli unaofunika kichwa kizima, wenye dirisha dogo la plastiki ya zamani. Huko Urusi, mkemia Nikolai Zelinsky akatumia mkaa ulioamshwa. Mwaka 1916 Waingereza wakatoa barakoa ya boksi, yenye mkaa na chokaa ya soda, na umbo hilo ndilo ambalo halijabadilika sana hadi leo.

Mkaa unastahili kuzungumziwa kidogo. Ukichoma kitu kigumu cha mti bila hewa, kisha ukakipitishia mvuke wa moto mkali, hubaki sponji yenye vitundu vidogo visivyoonekana, na gramu moja yake ina ndani yake uso wa zaidi ya mita za mraba 500. Gesi nyingi za sumu hunata humo. Wamarekani walipoingia vitani walitafuta mkaa ulio mgumu zaidi wenye vitundu vidogo zaidi, wakaupata kwenye kifuu cha nazi. Nazi hazikutosha, wakawahimiza raia wakusanye mbegu za pichi na maganda ya jozi. Mabango yao yalisema mbegu 200 zingetosha barakoa moja. Kile kifuu ambacho Tanga au Lamu hugeuzwa upawa, au huishia chini ya sufuria, kikawa kitu cha kulilia serikalini. Na hadi leo hakijaacha kazi hiyo: vichujio vizuri vinaendelea kutengenezwa kwa kifuu. Huko Geita na Mwanza wanaochenjua dhahabu kwa sianidi hukiita kaboni tu, na hukitumia kunasa dhahabu iliyoyeyuka majini kwa tabia ile ile ya kunasa klorini.

Lakini kabonimonoksidi hainati kwenye mkaa. Kila msimu wa baridi hutokea habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa wasiamke. Gesi inayotoka kwenye mkaa unaowaka ndiyo ambayo mkaa wa kwenye barakoa hauwezi kuishika. Ilibidi wakemia wa Marekani, mwishoni mwa vita hivyo, wabuni mchanganyiko wa oksidi za manganizi na shaba ili kuigeuza kuwa hewa ya ukaa. Kichujio cha kawaida cha dukani hakina mchanganyiko huo.

Na kuna Ethiopia. Miaka ya 1935 na 1936 ndege za Italia zilinyunyiza gesi ya haradali juu ya majeshi na vijiji, ilhali Italia ilikuwa imetia saini itifaki ya Geneva ya mwaka 1925. Haradali ni matone ya mafuta yanayounguza ngozi popote yanapoangukia, na askari wengi wa Ethiopia walikuwa pekupeku, mabega wazi, wakipita kwenye majani yaliyolowa. Hata kama kila mmoja wao angepewa barakoa bora ya London, miguu ingeungua vilevile. Haile Selassie alipokwenda kulalamika mbele ya Shirikisho la Mataifa mnamo Juni 1936, alikuwa anazungumzia silaha ambayo mapokeo ya vitani yenyewe hayakuwa yamemwandalia mtu wake kinga. Kinga iliyosaidia ilikuwa kukaa mbali na mabonde yaliyonyunyizwa, yaani ile ile ya Goma.

Sasa tuje Kariakoo, Dar es Salaam. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi zinauzwa barakoa za mpira wa kijivu zenye vichujio viwili vya duara, mfano wa masikio ya panya. Niliishika moja na kuigeuza. Kichujio kilikuwa na ukanda wa kahawia na herufi A1. "Hiyo bosi ni ya gesi zote," muuzaji alisema, "hata wazibua vyoo wanachukua." Kwa utaratibu wa Ulaya ambao watengenezaji wengi huufuata, kahawia ni mvuke wa rangi, tina na petroli. Kijivu ni klorini na haidrojeni salfaidi. Manjano ni salfa dioksidi, kijani ni amonia, nyeupe ni vumbi. Mzibua choo aliyenunua kahawia amenunua kinga ya fundi rangi. Na muuzaji hakudanganya kwa makusudi. Boksi lenyewe limechapishwa kwa lugha ambayo si yeye wala mteja anaisoma. Ongeza ndevu za siku tatu, ambazo huinua ukingo wa mpira kutoka kwenye ngozi, na hata kile kichujio kidogo chenye kazi hakipati hewa ya kuchuja: gesi inapita pembeni.

Wazibua vyoo wa Dar es Salaam huitwa vyura, kwa kuwa huingia shimoni wenyewe na kuchota kwa ndoo, mara nyingi usiku. Kabla ya kuingia wengi humwaga mafuta ya taa ili kuua harufu. Naielewa sababu, lakini hapa mila inageuka adui. Haidrojeni salfaidi hunuka yai lililooza kwa kiwango kidogo. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, huua uwezo wa kunusa, na mtu huamini kuwa shimo limesafika. Mafuta ya taa yanafunika onyo la kwanza, gesi yenyewe inazima la pili. Akianguka wa kwanza, wa pili huruka kumwokoa, halafu wa tatu. Habari za aina hii kwenye magazeti zina mpangilio mmoja karibu kila mara, na jeshi la zimamoto likifika na mitungi ya hewa hujikuta linaopoa maiti zaidi ya moja. Kitu kilichowasaidia kweli baadhi ya vyura si barakoa. Ni pampu ya mkono iitwayo Gulper, iliyoletwa jijini katika muongo wa kwanza wa karne hii: bomba refu lenye vali na mpini, linalomwezesha mtu kuvuta kinyesi akiwa amesimama juu. Kinachoingia shimoni ni bomba, kama ule mwanzi wa Song Yingxing.

Kwenye Mlima Ijen, mashariki mwa Java, mapokeo mawili hukutana kwenye njia moja nyembamba. Wabeba salfa hupanda kutoka kreta na mzigo wa kilo 70 hadi 90 begani, wengi wameuma kitambaa kilicholoweshwa maji. Watalii huwapisha wakiwa na barakoa za gesi walizokodi chini kwa usiku mmoja. Kitambaa kibichi hushika kiasi cha salfa dioksidi kwa kuwa gesi hiyo huyeyuka majini, kwa hiyo si ushirikina. Lakini barakoa nzuri inavaliwa na aliyekuja kutazama, tena kwa saa tatu.

Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, wachimbaji waitwao WanaApolo hushuka mamia ya mita, na baada ya kulipua baruti hewa huletwa kwa bomba la plastiki kutoka kompresa iliyo juu. Ni chombo cha Baghdad, ila mvukuto umekuwa injini. Kwa hoja yote niliyoijenga, hii ndiyo njia iliyo sahihi. Tofauti ni kwamba mvukuto wa Banu Musa ulisukumwa kwa mikono, haukuwa na moshi. Injini ya dizeli ina moshi, na moshi huo una kabonimonoksidi, ile ile isiyonata kwenye mkaa. Mdomo wa kompresa ukielekea upande ambao upepo unaupeleka moshi wa injini, aliye chini anapelekewa sumu kwa bomba ambalo amelitegemea kwa uhai wake, na taa yake haitazimika kumwonya. Kuuhamisha mdomo huo mita kadhaa, upande upepo unakotoka, kama wachomaji wa arseniki walivyosimama, ni kazi ya asubuhi moja na kipande cha bomba. Mwenye mgodi akinionyesha boksi la barakoa mpya alizowanunulia vijana wake, ningemwomba kwanza tutoke nje tukaitazame kompresa.